Si kila kibaya ni kirusi

Juzi nilikuwa stesheneri nasubiri kuprinti barua, mama mmoja akaingia ameshika simu yake. Akaunti yake ya Facebook ilikuwa ikiwaomba pesa ndugu na majirani bila yeye kujua. "Mwanangu, niliona linki ya zawadi, nikabonyeza, ikanitaka neno la siri, nikaandika." Kijana wa kaunta hakuinua hata macho. "Virusi hiyo, mama. Toa elfu tano niisafishe."

Nilinyamaza, foleni ilikuwa ndefu. Hapa hakuna foleni.

Kirusi cha kompyuta ni programu inayojipachika ndani ya programu au faili nyingine, ili kila hiyo nyingine inapofunguliwa, nayo ijinakili kwenda kwingine. Basi. Jina lilitokea Marekani mwaka 1983: Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi, alitengeneza programu ya namna hiyo kwa majaribio, na mwalimu wake Leonard Adleman akapendekeza iitwe hivyo. Angalia kwamba maana hiyo haitaji kuharibu, kuiba wala kupeleleza. Inataja kujinakili tu. Kirusi kinaweza kuwa kipole kabisa kikabaki kirusi, na programu inaweza kukumalizia akiba yako yote isiwe kirusi hata chembe.

Na neno lenyewe lina kisa. Kwa Kilatini virus ni sumu, na katika maandishi ya kale halina wingi, kama vile sisi tusivyosema "masumu". Waingereza wakalichukua, na mpaka leo wapo wanaobishana wingi wake uweje. Sisi tulilipokea kwa maandishi yake zaidi kuliko matamshi (kwa matamshi lingekuwa vairasi, na wapo wanaosema hivyo), na masikio yetu yalipoikuta ile "vi-" mwanzoni, yakaamua: huu ni wingi. Kama ni wingi, umoja wake uko wapi? Tukautunga: kirusi. Ndiyo akili ileile iliyochukua agizo la Kiingereza la kushika kushoto barabarani, ikatupa kipilefti na vipilefti. Hasara yake ni ndogo: mtu anaweza kusoma Kirusi cha Moscow huku kompyuta yake ina kirusi cha kwenye flashi.

Kwa hiyo ni virusi hivi, virusi vimeingia, virusi vyake. Anayesema "virusi hii" na akili zake timamu ajiulize VVU ni kifupi cha nini. Virusi Vya Ukimwi. Ingekuwa "virusi ya", tungeandika VYU.

Sasa jamaa zake. Mnyoo wa kompyuta haujipachiki kwenye kitu kingine. Ni programu kamili, inatembea yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Ile barua pepe ya mapenzi iliyotoka Ufilipino Mei 2000 ikazunguka dunia ilikuwa mnyoo, ingawa karibu kila mtu aliiita kirusi. Iliambatana na faili ambalo jina lake lilionekana kuishia na TXT, kama maandishi ya kawaida, kumbe mwisho halisi ulikuwa vbs, yaani programu, na Windows ilikuwa imezoea kuuficha mwisho huo. Ukifungua, inajituma kwa kila mtu uliyehifadhi anwani yake. Ujanja huo haujazeeka: faili limeandikwa "picha.jpg", nyuma yake kuna exe, yaani programu.

Halafu kuna Trojani, programu mbaya inayojifanya njema, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Katika hadithi ya kale, Wagiriki walijificha ndani ya farasi wa mbao, na watu wa mji wa Troya wakamkokota farasi huyo ndani kwa mikono yao. Trojani, basi, kwa haki ya jina, ni yule aliyedanganywa! Walioingia kufanya uharibifu ni Wagiriki. Lakini tumezoea kusema "Trojani imeingia", na neno likishazoeleka halirudi. La kukumbuka ni kwamba farasi hakuvunja ukuta. Alifunguliwa lango. Toleo la WhatsApp lisilo rasmi ulilotumiwa kama faili la apk (la kusakinishia programu kwenye simu za Android), programu ya kulipia uliyoipakua "ikiwa imeshafunguliwa", wimbo wa bure unaotaka kwanza usakinishe kitu: zikiwa na ubaya ndani, ni farasi. Hazijinakili. Zinakungoja wewe ubonyeze "Ruhusu".

Tukirudi kwenye linki, hiyo ni anwani tu. Kumwelekeza mtu nyumba ya mgonjwa hakumwambukizi. Ukibonyeza, kivinjari kinaleta ukurasa, na programu ndogo zilizomo zinaendeshwa kama ndani ya kizimba, zisifikie mafaili yako. Zipo njia za kutoka kizimbani: kivinjari kikiwa na tundu ambalo halijazibwa, ukurasa mbaya unaweza kupenya bila wewe kupakua chochote. Hutokea, ndiyo maana simu yako inakusumbua usasishe. Tena yapo mashambulizi yasiyohitaji hata linki. Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulifunga mafaili ya watu na kudai fidia, ukasimamisha kazi katika hospitali za Uingereza, nao ulipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake Machi. Hakuna aliyehitaji kubonyeza. Kwa watu wengi, hata hivyo, mambo ni ya chini zaidi: linki imewapeleka kwenye ukurasa, ukurasa umewapa faili, na faili wamelifungua wenyewe.

Au hakukuwa na faili kabisa, kama kwa yule mama. Alifika kwenye ukurasa uliochorwa ufanane na anaoujua, akaandika neno lake la siri, likasomwa na mtu mwingine. Hiyo inaitwa hadaa. Ndani ya simu yake hakikuwemo kitu cha kusafisha. Ungeipitisha kwenye programu za kuzuia virusi kutwa nzima, zote zingekwambia ni safi, na zingekuwa zinasema kweli. Alichohitaji ni kubadili neno la siri, kutoa vifaa vingine vyote kwenye akaunti, na kuwapigia ndugu kabla hawajatuma pesa. Dakika kumi, bure.

Kwa hiyo kijana wangu wa stesheneri, sikugombezi, kazi unaijua na barua yangu ulinitolea vizuri. Siku nyingine mwambie tu, "Mama, umetapeliwa, tubadili neno la siri." Na ikibidi lazima viwe virusi, basi viwe "hivyo".