Ushirika si ushirikiano

Ni mkutano wa pamoja wa makanisa, na mwendesha ibada ameshika kipaza sauti: "Leo mafundisho tumeyaacha mlangoni, tumekuja kwenye ushirika tu!" Watu wanaitikia amina. Sentensi hiyo, kwa maneno hayo au mengine, nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara neno moja ndani yake hunikwaruza masikio.

Ushirika, katika lugha ya kanisa, ni kuwa na fungu pamoja na wengine katika kitu kimoja: Kristo, imani, meza ya Bwana. Maana ndiyo hiyo, na wengi wanaijua. Shida ni kwamba neno hili limegeuzwa jina la kukaa pamoja bila kuulizana maswali.

Kiswahili chenyewe kinakataa. Tuna kushiriki, tuna kushirikiana. Anayeshirikiana utamuuliza "na nani?" Anayeshiriki utamuuliza "nini?" Mtu akisema "jana nilishiriki" akanyamaza, unabaki unamngoja amalizie: mazishi, mbio, karamu? Ule mnyambuliko wa -ana unawageuza watu waelekeane. Uondoe, na nyuso zote zinaelekea kitu kilicho katikati. Ushirikiano unahitaji watu tu. Ushirika unahitaji watu na kitu.

Asili ya neno ni Kiarabu, na ukoo wake unashangaza kidogo. Mzizi uleule umetupa shirika, mshirika, chama cha ushirika na, ndiyo, ushirikina, ambao mwanzoni ni kumpa Mungu mshirika katika kile kilicho chake peke yake. Hata hapo neno halitulii mpaka liambiwe ni katika nini.

Kigiriki cha Agano Jipya kinakwenda njia hiyohiyo. Neno lake la ushirika, koinonia, linatokana na koinos, yaani kilicho cha wote. Luka 5:10 inawataja Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, kuwa washirika wa Simoni, na neno lililotumika ni la ukoo huohuo. Washirika katika nini? Katika uvuvi. Wanaume wale wangeweza kununiana asubuhi nzima na bado wakawa washirika, mradi kazi na samaki ni vya wote. Na wangeweza kupendana mpaka machozi wasiwe washirika, kama kila mmoja anavua kivyake.

Sasa tazama Matendo 2:42: waamini wa kwanza walidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali. Sisemi mpangilio wa maneno ni sheria. Ila fundisho na ushirika vimelala kitanda kimoja, na hakuna aliyeachwa mlangoni. Wagalatia 2 ni vivyo hivyo: Paulo anapanda Yerusalemu, anawaeleza wakuu wa kanisa Injili anayoihubiri, ndipo yeye na Barnaba wanapewa mkono wa kuume wa shirika. Walisikilizwa kwanza, mkono ukafuata.

Mkono huo uliwahi kukataliwa pia. Oktoba 1529, ndani ya ngome ya Marburg, Ujerumani, wanamatengenezo wawili wa kanisa, Luther wa Ujerumani na Zwingli wa Uswisi, walikutanishwa wapatane. Inasimuliwa kwamba Luther aliandika mezani kwa chaki, kwa Kilatini, "Huu ndio mwili wangu", na hakutaka kusogea hapo. Kati ya vipengele 15 walikubaliana 14. Cha mwisho, juu ya uwepo wa mwili wa Kristo katika chakula cha Bwana, kikawashinda, na Luther hakutoa mkono wa undugu. Lakini hati ambayo pande zote mbili zilitia sahihi inasema kila upande uuonyeshe mwingine upendo wa Kikristo kadiri dhamiri inavyoruhusu. Unaweza kumwona Luther mkaidi (mimi namwona hivyo, kiasi), ila maneno hakuyachanganya. Upendo alikubali udaiwe. Ushirika ulikuwa jambo lingine.

Ilichukua miaka 444. Mwaka 1973, katika Makubaliano ya Leuenberg, makanisa ya Ulaya ya Kilutheri na ya Kireformati (yaani ya upande wa Zwingli) yalitangaza ushirika wa mimbari na meza: kuhubiriana na kula chakula cha Bwana pamoja. Hawakufika hapo kwa kunyamazia fundisho la meza ya Bwana. Waliliandika upya pamoja, wakaona kwamba hukumu walizotoleana zamani haziwagusi tena wale wanaofundisha hivyo leo.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wanaomnyima jirani ushirika kwa sababu ya ngoma au saa ya ibada. Hao wasome Warumi 14, ambako watu wanatofautiana juu ya vyakula na siku, na bado wanaambiwa wapokeane. Si kila tofauti ni fundisho.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kipaza sauti, ibada yako ilikuwa njema na kuja nitakuja tena. Makanisa yakikutana kuimba, kuombea wagonjwa au kuchangia wajane kabla hayajaafikiana juu ya ubatizo, kazi hiyo ina jina lake, na jina hilo halina aibu. Sema "tumekuja kwenye ushirikiano". Ni silabi mbili tu za ziada.