Je, wajua kwa nini mashamba ya ndani ya majengo huuza saladi na si ngano?

Nilipoanza kusoma habari za kilimo cha rafu, yaani mimea inayopangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya jengo lililofungwa, niliamini kikwazo ni gharama ya jengo. Umeme je? Tandaza paneli za jua juu ya paa, basi. Hapo ndipo nilipochemka.

Chukulia jua linaloangukia paa kuwa vikombe 100 vya maji, vinavyobebwa kwa ndoo zinazovuja. Paneli ya kawaida inafikisha kama vikombe 20. Taa nzuri ya LED inageuza zaidi ya nusu ya umeme huo kuwa mwanga, tuseme 12. Kwa haki, mmea wa shambani nao haufaidi vyote 100, kwani zaidi ya nusu ya nishati ya jua haifai kwa usanisinuru. Unabakiwa na 45 hivi. Kwa hiyo ni 12 dhidi ya 45, tena kwa rafu moja tu. Rafu ya pili haina paa lake, wala ya kumi. Bado hujahesabu mashine za kupooza hewa na kuondoa unyevu ambao majani yenyewe huutoa.

Sasa saladi. Takriban asilimia 95 ya jani lake ni maji, hivyo kilo moja ina gramu 50 tu za kile kilichojengwa kwa mwanga. Kilo ya ngano ina zaidi ya gramu 850, mbali na mabua na mizizi iliyokula mwanga uleule na haina mnunuzi. Si kwamba ngano haioti chini ya taa. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kuwa rafu 10 zingeweza kutoa mavuno mara 220 hadi 600 ya wastani wa dunia kwa hekta, kisha ukakiri kuwa bei ya soko haiwezi kulipia taa hizo. Kwa ufupi, biashara inayosifiwa kwa kuokoa maji inaishi kwa kuuza maji.

Sifa yenyewe si ya uongo: kwa saladi, akiba ya maji huweza kupita asilimia 90. Ila hapo unalinganisha na shamba la wazi. Banda la kioo linalozungusha maji yake linaikaribia akiba hiyo, na jua linaingia bure. Huko Marekani, kati ya kampuni za kilimo cha rafu, AeroFarms iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2023, na Bowery ikafunga milango 2024.