Shata ndefu na picha juu ya picha: mwanga unavyojumlishwa

Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alielekeza kamera yake kwenye mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, akiwa dirishani juu. Mtaa ulikuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi, lakini sahani yake ya kupigia picha ilihitaji dakika kadhaa ili ishike mwanga wa kutosha. Picha ikatoka na barabara tupu. Aliyebaki akionekana wazi ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu, kwa kuwa alitulia pale kwa muda. Ninapomfundisha mtu kupiga kwa shata ndefu, yaani kuacha pazia la kamera wazi kwa muda mrefu, huanza na picha hiyo, maana ndani yake mna kanuni yote: kilichotulia hubaki, kinachopita hufutika.

Sensa ya kamera, yaani kile kipande kinachopokea picha, hujumlisha mwanga. Mtu akikatiza kwa sekunde 1 katika picha ya sekunde 60, pale alipopita ukuta ulio nyuma yake umechangia sekunde 59. Haonekani. Akisimama sekunde 30 kisha akaondoka, atatokea kama mzuka, na ukuta utaonekana kupitia kifua chake. Taa za magari haziko hivyo. Ukali wake ni mkubwa mno, hata sehemu ndogo ya sekunde inatosha kuacha alama, ndiyo maana gari lenyewe hupotea na mstari wa taa ukabaki. Pale Ubungo, Dar es Salaam, penye barabara za juu, basi la mwendokasi likipita usiku huacha utepe mpana kuliko gari dogo kwa sababu lina taa nyingi na zimepangana juu. Sekunde 15 hadi 30, tundu la lenzi f/11, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, zinatosha. Usisimamishe tripodi katikati ya daraja la waenda kwa miguu, maana hutikisika. Kaa karibu na nguzo. Na usishangae mistari mingine ikitoka na nukta nukta: taa nyingi za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, lakini shata inaona.

Mchana kazi ni kuuzuia mwanga. Jua likiwaka, ISO 100 na f/16 hukupa shata ya 1/100 ya sekunde hivi. Filta nyeusi ya ND ya stopu 10 (kila stopu hupunguza mwanga nusu) hupunguza mwanga kwa takribani mara 1000, na 1/100 hiyo inakuwa sekunde 10. Fokasi kwanza, zima fokasi ya kujiendesha, ndipo ufunge filta, kwa sababu ikishafungwa kamera haioni kitu. Filta za bei rahisi huongeza rangi ya kahawia au zambarau. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, unairekebisha nyumbani.

Bahari ndiyo inayonikalisha nje kuliko kitu kingine. Pwani yetu ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa inatazama mashariki, kwa hiyo anayetaka jua juu ya maji aamke alfajiri, au aende upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, ambako jua huzama ng'ambo ya ghuba. Wengi hufika pale wakatamani kupiga ngalawa zilizotia nanga, na zote hutoka na ukungu. Chombo kilicho majini hakitulii hata siku ambayo bahari ni shwari: kinazunguka kwenye nanga yake na kuyumba taratibu. Tafuta chombo kilicholala mchangani maji yakiwa yamekupwa, kisha upige wakati maji yanarudi kukizunguka. Chombo kitakuwa kikali kama kilivyo, na mawimbi yatalainika kuwa kama moshi chini yake.

Hapo unalazimika kujua maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na hujaa karibu na saa kumi jioni, kwa hiyo machweo hukuta yanatoka. Siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, mpango ni kinyume: jioni hukuta yanaingia, tena polepole, na hizo ndizo jioni zangu ninazozichagua. Bonyeza miguu ya tripodi ndani ya mchanga kabla ya kupiga. Wimbi moja likipita huchimba mchanga chini ya mguu, na milimita moja inatosha kuharibu dakika mbili za kusubiri. Kusi ikivuma, tundika begi chini ya tripodi, lakini liguse ardhi ili lisibembee.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi ambazo machweo huchukua muda mrefu. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na ule mwanga wa buluu unaofuata machweo hauna nusu saa. Mwanga hupungua nusu kila dakika 3 hivi, kwa hiyo na muda wa shata unauongeza maradufu kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana wakati huo huzima ile huduma ya kamera ya kuondoa chengachenga, vile vidoa vidogo vya picha za gizani: ukipiga dakika 2, yenyewe hukaa dakika 2 nyingine ikipiga picha ya giza ili ilinganishe. Hizo ni dakika ambazo hatuna.

Sasa kama huna filta? Hapa ndipo picha juu ya picha, yaani fremu kadhaa zikichanganywa kuwa picha moja, inapoungana na shata ndefu, na kwangu hili ndilo jambo lenye thamani kuliko yote. Fremu 60 za sekunde 1 kila moja, zikichanganywa kwa wastani, hukaribia sana fremu moja ya sekunde 60. Simu nyingi hufanya hivyo kimyakimya zinapolainisha maporomoko ya maji. Kamera yenye modi ya picha juu ya picha huwa na njia za kuchanganya: kujumlisha, wastani, na kuchagua nukta yenye mwanga zaidi. Wastani unafaa maji na mawingu. Kuchagua mwanga zaidi kunafaa nyota na taa za magari. Ukitumia kujumlisha, punguza mwanga wa kila fremu mwenyewe: fremu 2, punguza stopu 1, fremu 4, punguza stopu 2.

Kwa nyota, piga fremu za sekunde 30 mfululizo, ukielekea mashariki mbali na taa za mji. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa latitudo ya Dar nyota za mashariki huchomoza karibu wima. Zile duara kubwa za picha za Ulaya usizitafute, kwa sababu ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota huizunguka, kwetu iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho.

Kuhusu watu, mwalimu wangu ni mwanasayansi Étienne-Jules Marey. Miaka ya 1880 huko Ufaransa alimvalisha mtu nguo nyeusi yenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akampitisha mbele ya ukuta mweusi, akafungua shata mara nyingi juu ya sahani moja ili aone hatua za mwendo. Alifanikiwa kwa sababu palipo peusi pana nafasi ya kupokea mwanga mwingine, na palipokwisha kuwa peupe hapaongezeki kitu.

Jaribu hivi. Msimamishe mtu mbele ya anga angavu, pima mwanga hadi anga iwe karibu nyeupe kabisa na yeye awe kivuli cheusi. Fremu ya pili, piga kanga iliyotandazwa kivulini, stopu 1 chini ya kipimo. Kanga itaonekana ndani ya umbo la mtu peke yake. Inamisha kamera mpaka pindo lifuate mstari wa bega, na jina la kanga likae kifuani, si usoni, maana maandishi usoni huua macho. Kama kamera yako inaruhusu kuhifadhi kila fremu pembeni, washa hiyo, ili kanga ikikaa vibaya uweze kuichanganya upya kwenye kompyuta na kivuli kilekile.