Soma chapa ya sanduku la bunduki tabaka kwa tabaka

Kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea, kusini mwa Tanzania, masanduku marefu ya mbao yenye vishikio vya kamba bado yamo majumbani mwa watu. Humo hutunzwa nguo, korosho, hata nyaraka za shamba. Wenyewe huyaita "sanduku la Mjerumani". Mimi ndiye ninayeyakarabati, na mengi ninayoletewa yana chapa ya Mwingereza.

Tafuta kwanza mshale: mistari mitatu iliyokutana nchani, kama unyayo wa kuku. Hiyo ni mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa na herufi W na D ubavuni, ni Idara ya Vita. Ukiwa ndani ya herufi C ni Kanada, ndani ya U ni Afrika Kusini. Ukikuta mishale miwili imegusana ncha kwa ncha, mali hiyo imeshauzwa nje ya jeshi. Watu wa Nachingwea waiangalie sana alama hii, kwa sababu mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulinunua vifaa vingi vya jeshi vilivyobaki baada ya Vita vya Pili. Sanduku lenye mishale hiyo huenda lilifika na matrekta, wala halikuwahi kusikia mlio wa vita kusini hapa.

Baada ya mshale, soma jina la bunduki. Hapa ndipo penye utamu.

Mzee mmoja wa Nyangao aliniletea sanduku lenye maandishi meupe "RIFLES No. 1 Mk III*". Akaniambia, "Mwanangu, hili babu yangu aliliokota Mahiwa, Mjerumani alipopigana na Mwingereza." Vita vya Mahiwa vilipiganwa Oktoba 1917, lakini jina "No. 1" Waingereza walianza kulitumia mwaka 1926. Kabla ya hapo bunduki ileile iliitwa S.M.L.E., yaani Short Magazine Lee-Enfield. Basi rangi ile nyeupe haiwezi kuwa ya Mahiwa. Nikazima taa, nikalaza tochi ubavuni mwa ubao ili mwanga upite juu juu. Chini ya rangi nyeupe zikajitokeza herufi nyeusi zilizofifia: S.M.L.E., bila namba. Nikamwambia, "Mzee wangu, sanduku limeandikwa mara mbili. Maandishi ya chini hayampingi babu yako."

Hayakuthibitisha pia kwamba lilitoka Mahiwa, na hilo nilimweleza. Ila tungesoma rangi ya juu peke yake, tungeifuta habari ya ukoo mzima kwa haraka. Sanduku la jeshi hutumika tena na tena: rangi hupakwa upya kila linapobadilishiwa mzigo, ilhali chapa iliyogongwa au kuchomwa kwenye ubao hubaki. Kwa hiyo mimi huanza na kilichoingia ndani ya mbao, kisha rangi ya chini, ya juu mwisho.

Jina la kiwanda nalo lisikupeleke mbio. DWM, kiwanda cha silaha cha Berlin, kiliwatengenezea Wareno bunduki ya muundo wa 1904. Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilivuka Ruvuma, likawashinda Wareno Ngomano, upande wa Msumbiji, na kuchukua silaha zao. Bunduki ya Berlin ikawa imepita mikono ya Mreno kabla ya kubebwa na askari wa Mjerumani.

Masanduku ya risasi yenye herufi za Kirusi ni ya zama nyingine, za ukombozi, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipokuwa na kambi Nachingwea. "43" iliyoandikwa karibu na 7,62 (kipenyo cha risasi kwa milimita) wengi huidhania mwaka wa kutengenezwa. Huo ni mwaka wa muundo wa risasi. Mwaka wenyewe hufuata namba ya fungu la risasi zilizotengenezwa pamoja, tarakimu mbili, halafu namba ya kiwanda. 17, kwa mfano, ni kiwanda cha Barnaul, Urusi.

Nawaomba sana, msipige msasa wala vanishi kabla chapa haijapigwa picha pande zote sita, kifuniko kwa ndani pia. Nimepokea masanduku yaliyong'arishwa yakapendeza, na hayana tena hata herufi moja ya kusoma. Na mkikuta ndani kopo la bati ambalo halijafunguliwa, au risasi hata moja, msiguse. Waiteni polisi, sanduku libaki pale pale lilipo.