Nairobi huficha makosa ya Math.asinh

Fanksheni za haipaboliki (sinh, cosh, tanh na kinyume chake) ziliingia kwenye JavaScript mwaka 2015. Kazi yake kubwa kwetu ni ramani. Ili kujua kigae (kipande cha mraba cha picha ya ramani) cha kupakua, latitudo hubadilishwa hivi:

`y = (1 - Math.asinh(Math.tan(r)) / Math.PI) / 2 * 2**z`

`r` ni latitudo kwa radiani, `z` ni kiwango cha ukuzaji. Ya `x` ni hesabu ya darasani: `(lon + 180) / 360 * 2**z`.

Chukua katikati ya jiji: -1.2864, 36.8172, ukuzaji 12. Utapata x 2466.898, y 2062.638, yaani kigae `12/2466/2062`. Desimali usizitupe. Zizidishe kwa 256, upana wa kigae kwa pikseli, na alama yako itakaa pikseli 230 kutoka kushoto, 163 kutoka juu.

Ukisahau kugeuza nyuzi ziwe radiani, y inakuwa 3315, na mteja wako wa Kenyatta Avenue anajikuta Antaktika. Hilo utaliona mara moja. Linalosumbua ni seva zinazohesabu y kutoka kusini. Hapo, kwa kuwa vigae vya ukuzaji 12 vinahesabiwa 0 hadi 4095, unatakiwa kuomba 4095 - 2062 = 2033; ukiiomba 2062 bila kugeuza, unaletewa Samburu, kaskazini ya Maralal. Bado ni Kenya, majina ni ya Kenya, na mkaguzi mwenye haraka anapitisha.

Baya zaidi: ondoa `asinh` na `tan` kabisa, uache `r` peke yake. Nairobi haisogei hata nusu pikseli, kwa sababu karibu na ikweta `asinh(tan(r))` na `r` ni karibu sawa. London, kwenye nyuzi 51.5, inakosea kwa vigae kama 100. Kwa hiyo jaribio lenye Nairobi na Kisumu pekee halitaonyesha kosa hili. Weka London na Cape Town.

Kurudi nyuma, kutoka y hadi latitudo, ni `Math.atan(Math.sinh(n))`, ambapo `n = Math.PI * (1 - 2*y / 2**z)`. Ukiweka y = 0 na kugeuza jibu kutoka radiani liwe nyuzi, unapata 85.0511, ukomo wa ramani hizi. Bana latitudo hapo kabla ya kuhesabu.

Na usijiandikie `tanh` kwa `Math.exp`. Kwenye 710, `exp` inafika Infinity, ukigawanya unapata NaN (si namba). `Math.tanh(710)` inarudisha 1.