Mashua ikitia nanga miezi mitatu: kisichosogea ndicho kinachooza

Wengi wanaoishi ndani ya mashua ya matanga huhofia safari na kukiona kituo kirefu kuwa mapumziko. Kwa chombo ni kinyume. Safarini injini inapata kazi, hewa inapita kila chumba, mwani hauwahi kushika. Kikitulia miezi mitatu kwenye maji ya nyuzi 28 au 29, vinavyoendelea na kazi ni kutu, ukungu na makombe. Kwa hiyo mkaaji avisogeze kwa makusudi vile ambavyo safari ingevisogeza yenyewe.

Mahali huchaguliwa kwa kalenda kabla ya kutazama uzuri wa ghuba. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi na kusini mwa Pasifiki, msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili; kaskazini mwa Atlantiki ni Juni hadi Novemba. Ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo kutoka ikweta vimbunga ni nadra sana.

Tia nanga kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Hesabu ya mnyororo huanzia kwenye omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, si usawa wa maji, na kina ni kile cha maji yaliyojaa. Kina kikiwa mita 6 na omo iko mita 1.2 juu ya maji, jumla ni 7.2. Mara tano ni mita 36 kwa hali shwari. Kwa upepo mkali zidisha mara saba, yaani kama mita 50. Mzigo usiachiwe mnyororo peke yake: funga kamba ya nailoni ya mita 8 hadi 10 toka kwenye mnyororo hadi omo ipokee mishtuko, na pale inapopita ukingoni ivishe kipande cha mpira. Kamba hukatika hapo kwa kusuguliwa, mara nyingi usiku.

Mashua huzunguka kufuata upepo na maji, na mnyororo hujisokota kwenye jiwe lolote lililoko chini. Ukishazingirwa hivyo, mita 36 zinageuka 12 bila mtu kujua, mpaka siku mawimbi yatakapouvuta kwa ghafla. Piga mbizi kila wiki ukague. Kila wiki mbili ng'oa nanga, kwangua mnyororo, utie upya. Tazama pia ule waya unaozuia pini ya shakeli, ile pingu ya chuma inayounga mnyororo na nanga, isifunguke.

Vali za maji ya bahari, zile zinazofunga matundu ya mabomba kwenye mwili wa mashua, ndizo ninazozitilia mkazo kuliko vyote, maana ndizo husahaulika. Zungusha kila moja mara moja kwa wiki. Iliyoachwa wazi miezi miwili hukamatwa na chumvi na makombe, na bomba lake la mpira likipasuka huna cha kufunga. Ikigoma usiitie spana ndefu, kwani mpini utavunjika; isukume kidogo mbele na nyuma, ukirudia mpaka iachie. Kisha kwangua shaba ya vali kwa ncha ya kisu: ukiona wekundu wa waridi mahali pa rangi ya njano, zinki imeshaliwa na vali hiyo haina nguvu tena. Kando ya kila vali funga kwa uzi kizibo cha mbao laini cha kuziba tundu ikivunjika.

Injini iwashwe kila wiki, ila kuiacha inguruma bila mzigo kunaidhuru. Weka gia huku mashua imeshikwa na nanga, iende nusu saa au zaidi hadi ipate moto sawasawa. Tangi la dizeli lijae. Nafasi tupu hutoa jasho usiku, maji yanashuka chini, na vijidudu vinazaliana pale mafuta na maji yanapokutana. Ute mweusi kwenye filta ndiyo dalili yake.

Friji ya volti 12 hula kama ampea-saa 50 kwa siku, wakati mwingine zaidi. Paneli za wati 300 huweza kurudisha 80 hivi jua likiwa zuri, mradi kivuli cha mlingoti kisizipitie. Kivuli chembamba tu huangusha chaji vibaya. Betri za asidi zisishuke chini ya volti 12.2 zikiwa zimepumzika, maana hapo zimebaki karibu nusu. Joto nalo lina hesabu yake: volti 14.4 za kuchajia zinazofaa kwa nyuzi 25 zishushwe hadi 14.1 chumba cha betri kikifika nyuzi 35, la sivyo maji yake yatakauka haraka.

Maji ya kunywa yanapatikana juu ya turubai la kivuli. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo turubai la mita 6 za mraba kwenye mvua ya milimita 20 hutoa hadi lita 120. Dakika za mwanzo ziache zioshe chumvi na kinyesi cha ndege. Dawa ya kufulia ya klorini asilimia 5, isiyo na manukato, matone mawili kwa lita, subiri nusu saa. Maji hayo usiyatumie kusuuza mashine ya kuondoa chumvi, kwa sababu klorini huharibu utando wake.

Maboksi ya karatasi yasipande chomboni. Mayai ya mende husafiri ndani ya mikunjo yake. Matanga yakae chini ya kifuniko, maana jua hula nyuzi za mshono kabla ya kitambaa.

Propela isafishwe siku mbili tatu kabla ya kung'oa nanga. Ikijaa makombe, injini itatoa moshi mweusi na kuchemka huku mashua haiendi, na hutaki kuligundua hilo katikati ya mlango mwembamba kati ya miamba.