Mota ya Sevo Ikinyamaza Haijazimwa: Kwa Wenye Karakana za Ushonaji

Malalamiko yanayotufikia wakaguzi wa usalama kazini kutoka vyumba vya ushonaji, iwe Kampala, Jinja au Mbale, zamani yalikuwa ya joto, kelele na mishahara (hilo la mwisho si letu, lakini watu hawachoki kutuletea). Siku hizi mengi yanahusu mota. Mwenye karakana anang'oa mota ya klachi iliyokuja na cherehani, anafunga ya sevo, kisha mshonaji anachomwa sindano kidoleni au anapigwa shoti akigusa chuma cha meza. Tunaambiwa sevo ni mbaya. Si mbaya hata kidogo. Ningependa kila chumba cha kushonea kiwe nayo. Ubaya uko kwenye ufungaji, na ufungaji ni kazi ya mtu.

Mota ya klachi huzunguka mfululizo tangu swichi iwashwe, watu washone wasishone. Kwa umeme wetu wa hezi 50, zile za kasi huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na pedali haipunguzi mzunguko huo, inasuguanisha klachi tu. Ndiyo sababu mwanagenzi akiwekewa kola ya shati, cherehani inamkimbia. Sevo huzunguka anapokanyaga, na kasi yake ya juu unaipanga mwenyewe kwenye boksi la kontroli. Faida za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kudumu na chumba kupoa wauzaji wamekwisha kuwaimbia, sirudii.

Ninalotaka lieleweke ni hili: ukibadilisha mota umebadilisha mashine, na anayebeba dhamana ya mashine hiyo tangu hapo ni wewe mwenye karakana. Muuzaji hayumo, na kiwanda cha Japani au China hakimo.

Tuanze na kimya. Mngurumo wa mota ya klachi ulikuwa onyo la bure. Kila mtu chumbani alijua mashine imewashwa. Sevo iliyowashwa haitoi sauti. Mshonaji anainama kubadilisha sindano au kutoa bobini, goti linasukuma, mguu unagusa pedali, sindano inashuka. Kwa hiyo zima kwenye swichi, ngoja taa ya boksi izimike kabisa, ndipo uingize vidole. Na wale wanaosifu klachi kwa usalama wasijidanganye: mota ile ukiizima huendelea kuzunguka kwa muda kwa uzito wake, na pedali ikikanyagwa wakati huo inashona kama kawaida. Ndani ya boksi la sevo kuna kapasita zinazobaki na umeme hata plagi ikichomolewa. Halifunguliwi papo hapo, na halifunguliwi na kila mwenye bisibisi.

Jambo la pili ni hesabu ya puli, yaani gurudumu linaloshika mkanda, ambayo mafundi wengi wanairuka kisha wanatuita kuamua ugomvi. Kasi ya cherehani ni mizunguko ya mota, mara kipenyo cha puli ya mota, gawanya kwa kipenyo cha puli ya kichwa. Tuseme puli ya chini ina milimita 110 na ya juu 80. Mota ya klachi ya mizunguko 2,850 ilikuwa inatoa mishono kama 3,900 kwa dakika. Funga sevo ya 4,500 ukaacha puli ileile, unafika karibu 6,200, wakati Juki DDL-8700 mwisho wake ni 5,500, na mashine nyingi za ngozi na turubai haziwezi hata nusu ya hapo. Weka puli ya milimita 50: sevo ileile inatoa kama 2,800, na inapata nguvu ya kutoboa kitambaa kizito ikienda taratibu. Puli ndogo inataka mkanda mfupi zaidi. Nunua mkanda, usikate wala kuunga ule wa zamani. Kabla ya kushona, hakikisha gurudumu la mkono linazungukia upande uleule wa awali. Boksi nyingi zina mpangilio wa kugeuza mwelekeo, tena mara nyingi ndilo jambo la kwanza linalokosewa.

Mafuta nayo. Cherehani za viwandani zenye sinia la mafuta huyapandisha kwa pampu inayoendeshwa na mwendo wa mashine. Ukiibana sevo iende polepole kutwa nzima, pampu inapandisha kidogo na vyuma vya juu vinakauka. Tazama kioo cha mafuta juu ya kichwa. Usipoona yakirukaruka, ongeza kasi kidogo kila baada ya muda.

Upande wa umeme nitakuwa mfupi kwa sababu haya yalipaswa kujulikana. Umeme wetu ni volti 240. Mota ya volti 110 iliyoagizwa kutoka Marekani kwa sababu ilikuwa rahisi itaungua. Waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) unafungwa hadi kwenye chuma cha stendi. Haukatwi ili plagi ya pini mbili iingie. Fyuzi haibadilishwi kwa kipande cha waya. Anayegusa nyaya za jengo awe na kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, si kijana wa simu pale nje. Malalamiko ya umeme kukatika yapelekwe UEDCL, ambao ndio wasambazaji tangu Aprili 2025. Sisi hatuna transfoma.

Sasa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inagusa karakana ya cherehani tatu kama inavyogusa kiwanda. Mahali pa kazi pasajiliwe kwa Kamishna wa Usalama na Afya Kazini. Sehemu hatari ya mashine izibwe, na mkanda unaozunguka ni sehemu hatari. Kava iliyofunguliwa kupisha mota mpya irudishwe siku hiyohiyo, hata kama haikai sawa na mnaona ni usumbufu. Mkaguzi huingia bila kualikwa, akiwa na kitambulisho, na mnayo haki ya kukiona. Akikuta kasoro inayoweza kungoja, anaandika notisi ya marekebisho yenye tarehe ya mwisho. Akikuta hatari iliyo karibu, anaandika notisi ya kukataza, na mashine hiyo haifanyi kazi mpaka kasoro iondolewe. Notisi si risiti. Hailipwi pale mlangoni, na anayedai pesa pale mlangoni si mwenzetu. Ikipuuzwa, mambo yanakwenda mahakamani, na faini za sheria zetu huandikwa kwa pointi za fedha, kila pointi shilingi 20,000. Pointi 100, kwa mfano, ni milioni mbili. Mfanyakazi naye akiing'oa kinga kwa makusudi amevunja sheria, asijifiche nyuma ya bosi.

Mota ya zamani ishushwe na watu wawili. Ni nzito kuliko inavyoonekana ikiwa chini ya meza, na inaangukia mguu wa anayelegeza nati ya mwisho.